Ukikanyaga inanyamaza

"Hebu kanyaga tena," jamaa yangu akaniambia. Alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa gari, kichwa ameinamisha usawa wa giaboksi. Nikakanyaga klachi, kelele ikakata. Nikaachia, ikarudi: krikrikrikri, kavu, ya haraka, ukipiga resi inapanda na ukiachia mafuta inashuka nayo. Kanyaga, kimya. Achia, krikrikri.

"Rilizi beringi hiyo," akasema, hata hajainuka bado. Yaani ile beringi inayosukumwa ukikanyaga pedali ili klachi iachie.

Sasa shida ni kwamba fundi ninayempelekea hii gari miaka yote alishaisikiliza siku chache nyuma, kasimama tu mlangoni mikono mfukoni, na akasema kitu kingine kabisa. Yeye alisema hiyo ni beringi ya shafti ya giaboksi, maana rilizi beringi inalia ukikanyaga, na hii yako ukikanyaga inanyamaza, kwa hiyo tafuta siku uilete tuipasue giaboksi.

Wote wawili wameshafungua klachi nyingi kuliko mimi. Wote wamesikia kelele ileile, kwenye gari ileile, sailensa ileile.

Na dalili waliyoitumia ni moja.

Hicho ndicho kilichoninyima raha wiki kadhaa. Kelele yenyewe ningeivumilia, gari ya zamani ina kelele zake na unazizoea. Lakini majibu mawili yanayopingana kutoka kwenye dalili moja, hapo nikawa kila nikisimama kwenye foleni nazima redio, nagusa pedali, naachia, nagusa tena, abiria wangu wananiangalia.

## Nani anazunguka saa hii?

Nikaamua kuacha kujiuliza "ni kifaa gani kimekufa" na nikaanza kujiuliza swali dogo zaidi: pedali ikiwa hapa ilipo, na gia ikiwa hapa ilipo, ni vitu gani vinazunguka na vipi vimesimama? Maana beringi iliyosimama haiwezi kulia. Hata iwe imekwisha kabisa.

Chukua gari iko nyutro, mguu hauko kwenye klachi. Injini inazunguka, flaiwili (lile gurudumu zito nyuma ya injini) na presha pleti (inayoibana klachi pleti kwenye flaiwili) zinazunguka nayo, klachi pleti imebanwa katikati kwa hiyo inazunguka, na shafti ya kuingilia giaboksi imevaa klachi pleti kwa meno yake kwa hiyo nayo inazunguka, na inazungusha gia za ndani hata kama gari haiendi popote. Beringi za giaboksi ziko kazini hapo. Ukikanyaga mpaka chini klachi pleti inaachiwa, shafti inapoteza nguvu, inasimama. Beringi zake zinanyamaza.

Kwa hiyo fundi ana hoja. Kelele ya nyutro inayokufa ukikanyaga inaelekea giaboksi.

Ila hoja yake ina sharti moja ambalo halikutajwa, nalo ni kwamba rilizi beringi iwe haigusi kitu ukiwa umeachia pedali. Kwenye gari nyingi za zamani, hasa zile za kebo au zenye fimbo ya kurekebisha, ndivyo ilivyo: kuna nafasi ndogo kati ya beringi na vidole vya presha pleti, zile springi bapa ambazo beringi inazisukuma ili klachi iachie, ndiyo ile pedali inashuka bure kidogo kabla hujaanza kuhisi uzito. Beringi pale haizunguki mpaka uiguse. Fundi aliyejifunzia kwenye magari ya aina hiyo atakwambia rilizi beringi inalia ukikanyaga tu, na hadanganyi.

Baadaye zikaja klachi ambazo beringi inagusa vidole muda wote. Springi ndogo ndani ya silinda ya chini ya klachi inaisukuma kidogo tu, haitoshi kuachia klachi lakini inatosha kuifanya beringi izunguke pamoja na vidole bila kuruka ruka. Hapo beringi inazunguka saa zote injini ikiwaka. Na ule msukumo mdogo ukipungua, beringi inakuwa nusu inazunguka nusu inateleza, inacheza juu ya vidole, folku, ule mkono unaoisukuma beringi, nayo inagongagonga kwenye egemeo lake. Inalia ukiwa umeachia. Ukigusa pedali kidogo tu unaipa mzigo, inatulia, kimya.

Yangu ni ya aina hiyo ya pili.

Kwa hiyo na jamaa yangu naye ana hoja.

## Sentimita ya kwanza

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu kidogo, maana "ukikanyaga inanyamaza" ni kweli kwa wote wawili. Kilichonitoa ni kitu ambacho nilikuwa nakifanya kwenye foleni bila kukitilia maanani, kwamba sikuwa nakanyaga. Nilikuwa nagusa. Na kelele ilikuwa inakata.

Fikiria: klachi haiachii ukigusa pedali. Inaachia huko chini, baada ya mwendo mrefu wa mguu. Kama kelele ni ya shafti ya giaboksi, haina sababu yoyote ya kukata mguu ukiwa umeshuka sentimita moja, kwa sababu kwenye sentimita moja shafti bado inazunguka kwa kasi ileile ya injini. Ingetakiwa ikate huko chini, klachi inapoachia. Tena isikate ghafla, ififie, kwa sababu shafti na gia zina uzito na zinazungukia ndani ya oili, zinachukua muda kidogo kusimama, kama feni ya dari ukizima swichi.

Rilizi beringi isiyo na mzigo wa kutosha inakata palepale juu. Ghafla. Na ukiachia inarudi ghafla, mguu ukiwa karibu umetoka kabisa.

Kwa hiyo swali si "ukikanyaga inanyamaza?" Swali ni inanyamaza wapi.

Nikakaa kwenye gari, nyutro, hendibreki, injini ya moto, madirisha juu. Nikashusha mguu taratibu kuliko nilivyowahi kushusha mguu kwenye pedali yoyote. Krikrikri ikakata karibu kabla sijahisi uzito wa klachi. Hapo nikasema sawa, jamaa kashinda.

Halafu nikaendelea kushuka, kwa sababu tu mguu ulishakuwa njiani.

Na huko chini, baada ya kimya chote hicho, nikasikia kitu kingine. Mlio mzito wa chini, ngrrrr, mdogo sana, ambao krikrikri ilikuwa imeufunika siku zote.

## Ya tatu

Nisiseme uongo, hapo nilichoka. Nilikuwa na kelele moja na majibu mawili, sasa nina kelele mbili.

Lakini swali ni lilelile. Nani anazunguka? Pedali ikiwa chini kabisa rilizi beringi ina mzigo wake wote, kwa hiyo kama imechakaa kweli ingeunguruma hapo. Lakini kuna beringi nyingine ambayo watu wengi wanaisahau, ile ndogo iliyopachikwa mwisho wa krenki (shafti kuu ya injini) katikati ya flaiwili, ambayo inashika ncha ya shafti ya giaboksi. Wengine wanaiita pailoti. Gari nyingi za kuvuta kwa mbele hazina, giaboksi yake inashika shafti yenyewe na inatosha. Gari za kusukuma kwa nyuma nyingi zinayo, na kwenye baadhi si beringi hata, ni bushi tu ya shaba.

Tabia ya hii ni ya ajabu kidogo. Ukiwa umeachia pedali, krenki na shafti vinazunguka pamoja kwa kasi moja, kwa hiyo pailoti haifanyi kazi yoyote. Unaweza kuendesha kutwa nzima barabara kuu na yenyewe imepumzika. Inaanza kazi pale tu kasi za krenki na shafti zinapotofautiana, yaani klachi ikiwa imeachia, na kazi yake ni kubwa kuliko zote ukiwa umesimama, umekanyaga, na gia imeingia: shafti imefungwa na magurudumu haiwezi kuzunguka, krenki inazunguka, tofauti yote inabebwa na kile kibanzi cha beringi.

Kwa hiyo kuitenganisha na rilizi beringi inawezekana bila kufungua chochote. Unashusha pedali mpaka uhisi uzito lakini klachi haijaachia bado. Hapo rilizi beringi ina mzigo, pailoti haina kazi. Kama ngrrr ipo hapo, ni ya rilizi. Kama haipo, unakanyaga mpaka chini, unaingiza gia ya kwanza bila kuachia, unasikiliza. Kama inakuja hapo tu, pailoti.

Yangu ilikuwa inakuja hapo tu. Karibu. Kuna siku nilikuwa na uhakika na kuna siku nilikuwa nadhani nasikia ninachotaka kusikia, na hilo ni tatizo la kweli la kazi hii ambalo hakuna anayelisema: ukishajua nadharia, masikio yanaanza kuikubali.

## Injini ikiwa imezima

Kabla ya kulala chini ya gari kuna jaribio la bure ambalo watu wanalidharau. Zima injini. Kanyaga klachi. Kama inalia kwii ukiwa umezima, hiyo si beringi yoyote kati ya hizi, hakuna kinachozunguka. Ni bushi za pedali, au kebo, au folku inasugua kwenye egemeo lake ikiwa kavu. Yangu ilitoa kwii ndogo sana ya mbali, siyo kwenye pedali, kule chini. Niliiandika kwenye simu, nikaendelea.

Halafu bisibisi ndefu. Fundi wa zamani wote wanajua hii: ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Gari ikiwa juu ya stendi, siyo jeki peke yake jamani, magurudumu yamewekewa vizuizi, giaboksi nyutro, hendibreki imevutwa, nywele na nguo mbali na chochote kinachozunguka. Kwenye bodi ya giaboksi mbele nilisikia mwungurumo laini wa kawaida. Kwenye hauzingi ya klachi, lile ganda linaloifunika, krikrikri kali. Na kwenye ncha ya folku inapotokea nje ya hauzingi, pale kwenye mpira wa vumbi, ilikuwa inatetemeka mpaka unaihisi kwenye mpini.

Nikaisukuma ile ncha ya folku kwa bisibisi, upande uleule silinda ya chini inakosukumia. Kidogo sana.

Kimya.

Hapo ndipo niliamini kweli. Hakuna mguu kwenye pedali, klachi haijasogea, shafti inazunguka kama kawaida, na kelele imekata kwa sababu tu folku imeegemezwa. Giaboksi haikuhusika na krikrikri. Jambo ambalo sikuliona wakati huo, na ndilo naona lina uzito kuliko yote, ni kwamba jaribio hili halisemi beringi imekufa. Linasema beringi haijakaa vizuri. Ni vitu viwili.

## Kuishusha

Sitaandika hatua kwa hatua, kila gari ina kitabu chake na mwenye kushusha giaboksi anajua anachofanya au ana mtu anayejua. Betri kwanza, halafu propela, shafti inayopeleka nguvu nyuma (wekea alama flanji zake kabla ya kufungua, utanishukuru), stata, waya, silinda ya chini ya klachi unaitoa na bomba lake bila kufungua mfumo wa maji. Usikanyage pedali ikiwa silinda inaning'inia, pistoni itatoka.

Kitu kimoja tu nitakisisitiza. Usiache giaboksi ining'inie kwenye shafti yake. Uzito wote unalalia katikati ya klachi pleti na inapinda, halafu ukifunga gari inatetemeka kila ukiondoka na unaanza kulaumu vifaa vipya. Iwe jeki ya giaboksi au watu wawili wenye mikono mizuri, itoke ikiwa imenyooka.

Na vumbi.

Hili nalisema kwa ukali kidogo kwa sababu nimeona mtu anachukua kompresa, anapuliza hauzingi yote, wingu jeusi linapanda, na yeye anacheka. Klachi pleti nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, limeiweka asbestosi kwenye kundi la 1, yaani inajulikana kwamba inasababisha saratani kwa binadamu. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwa amri ya 1999 iliyotakiwa itekelezwe kote kufikia mwanzo wa 2005, na Marekani ilifika 2024 ndipo ikatoa kanuni ya kupiga marufuku ile aina iliyokuwa bado inatumika. Maana yake pleti iliyokaa stoo miaka mingi, au iliyoko ndani ya gari ambayo haijawahi kufunguliwa, huwezi kujua kwa macho. Lowesha, futa kwa kitambaa, kitambaa kiende kwenye mfuko ufungwe. Usipulize.

## Kilichokuwa ndani

Beringi yenyewe ukiizungusha mkononi ilikuwa kavu, inasikika shhhh badala ya kuzunguka kimya, grisi yake imeisha. Mtu angeishia hapo, aseme hii hapa, nunua nyingine, funga.

Lakini angalia inapotelezea. Mbele ya giaboksi kuna mrija mfupi unaoizunguka shafti, rilizi beringi inatembea juu yake kwenda na kurudi. Mrija wangu ulikuwa umelika upande mmoja, mfereji kabisa, ukucha unakwama. Maana yake beringi imekuwa ikitembea imeinama kwa muda mrefu sana. Kwa nini imeinama? Geukia folku. Lile egemeo lake, kijiti chenye kichwa cha mviringo, kichwa kilikuwa kimekuwa bapa na hakina grisi hata tone, na kile kiklipu cha springi kinachoishikilia folku pale kilikuwa kimekatika mguu mmoja. Ile kwii ya injini kuzima ilikuwa hapa.

Folku imelegea, inasukuma upande mmoja zaidi. Beringi inainama, inakula mrija. Mrija ukishalika beringi hairudi vizuri, haikai sawasawa kwenye vidole, inateleza na kupata joto, grisi inakauka. Vidole vya presha pleti navyo vilikuwa na ushahidi: vinang'aa kama kioo kwenye ncha, na havikuwa usawa mmoja, upande mmoja vimelika zaidi.

Ningeweka beringi mpya juu ya mrija ule na folku ile, ingekaa kimya kwa muda halafu tungerudi palepale. Na naamini hii ndiyo hadithi ya nyingi ya zile "nilibadilisha rilizi beringi ikalia tena, vifaa vya siku hizi vibovu." Vingine ni vibovu kweli. Lakini boksi la klachi kiti linakuja na klachi pleti, presha pleti na beringi. Mrija haumo. Egemeo la folku halimo. Klipu haimo. Mtu akisema "nimebadilisha klachi nzima" mara nyingi vitu hivi vitatu ni vilevile vya kiwandani.

Pailoti nikaingiza kidole. Inakwama, inaachia, inakwama. Basi, masikio hayakunidanganya. Ilitoka kwa ule ujanja wa grisi: unajaza grisi kwenye tundu lake, unaingiza fimbo inayobana vizuri, unapiga nyundo, grisi haina pa kwenda inaisukuma beringi itoke kwa nyuma. Vaa miwani, grisi inaruka.

## Giaboksi je?

Kwa sababu mrija unabadilishwa pamoja na kifuniko cha mbele cha giaboksi, ilibidi nikifungue, na hapo nikawa uso kwa uso na ile beringi ambayo fundi aliishtaki. Nikaishika shafti nikaitikisa. Ikacheza.

Moyo ukashuka.

Ila subiri. Ncha ya mbele ya shafti hii haijashikwa na kitu chochote giaboksi ikiwa chini, inashikwa na pailoti, na pailoti iko kwenye krenki. Kucheza kidogo nchani ni kawaida yake. Kinachoangaliwa ni pale inapoingilia kwenye beringi yenyewe, na je, ukiizungusha polepole kwa mkono inakwaruza au inapita laini. Ilipita laini. Sumaku ya bolti ya kumwagia oili ilikuwa na uji mweusi mwembamba, ambao ni wa kawaida kwa giaboksi ya umri huu, haikuwa na vipande vya chuma. Sikuona sababu ya kuipasua, nikaweka sili mpya ya shafti na kifuniko kipya, basi.

Oili nikaweka ya daraja lilelile la kitabu. Kwenye giaboksi za zamani zenye ringi za shaba, zile za kulinganisha kasi unapobadili gia, hili si la kupuuza, kitabu kikisema GL-4 usiweke GL-5 kwa sababu eti namba ni kubwa zaidi, baadhi ya kemikali zake si rafiki wa shaba.

## Ipi ibaki, ipi itoke

Klachi pleti ndiyo tulibishana. Ilikuwa bado na nyama. Vitabu vingi vinaweka kikomo cha 0.3 mm kutoka juu ya pleti mpaka kichwa cha ribiti, na yangu ilikuwa mbali na hapo. Jamaa akasema inabaki, kwa nini utupe kitu kizima. Upande mwingine presha pleti haikuwa na mjadala, vidole vilivyolika upande mmoja vingeinamisha hata beringi mpya. Na mimi naona, kama presha pleti inaingia mpya na giaboksi iko chini, kuirudisha pleti ya zamani ni kujiwekea ahadi ya kushusha giaboksi tena. Nikaiweka mpya. Ya zamani ipo, bado anaitolea macho.

Flaiwili ilikuwa na madoa ya bluu mawili matatu ya joto lakini haina nyufa. Ikapelekwa kuchongwa kidogo, nyuso zote sawa. Sili ya nyuma ya krenki ilikuwa imeanza kutoa jasho, ikabadilishwa. Ukikuta oili humo ndani inuse: oili ya giaboksi ina ile harufu kali ya salfa, ya injini haina, kwa hiyo pua inakuonyesha sili ipi.

Kurudisha, mambo machache ambayo watu wanayaharakisha. Beringi mpya usiioshe kwa petroli, imefungwa na grisi yake ndani, ukiiosha umeiua. Grisi kwenye meno ya shafti iwe filamu tu: paka, vaa pleti, itembeze mbele nyuma, ivue, futa iliyobaki pembeni, maana ikizidi itarushwa kwenye pleti na klachi itaanza kushikashika. Pleti ina upande wa flaiwili na imeandikwa. Iweke katikati kwa kifaa chake, halafu kaza bolti za presha pleti kidogo kidogo kwa kuvuka, siyo moja mpaka mwisho halafu nyingine. Kama ni za M8 mara nyingi ni kama 20 hadi 25 Nm, kitabu chako ndicho mwamuzi.

Na giaboksi ikigoma sentimita ya mwisho, usiivute kwa bolti. Kuna kitu hakijanyooka. Zungusha shafti ya nyuma kidogo gia ikiwa imeingia, meno yatapata nafasi yake, itaingia yenyewe.

## Iliyobaki

Krikrikri haipo. Ngrrr ya chini haipo. Pedali imekuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia, nadhani folku ilikuwa inakula nguvu nyingi kwenye lile egemeo bapa.

Ila sasa kwa kuwa kumetulia, kuna mvumo. Nyutro, giaboksi ikiwa ya moto, mvumo laini ambao ukikanyaga mpaka chini unafifia taratibu, na ukiachia unarudi pale klachi inaposhika. Yaani hasa ile tabia ya shafti na gia zake. Nilimpigia fundi nikamweleza, akacheka sana, "si nilikwambia."

Alichokisikia yeye siku ile kilikuwemo basi, ninakubali, ila hakikuwa ndicho kilichokuwa kinalia. Yeye bado anasema tuipasue. Mimi nimeipima barabarani gia kwa gia, na kwenye gia ya nne, ambayo kwenye giaboksi hii inapita moja kwa moja 1:1 bila kubebesha mzigo shafti ya chini (ile ya pili ndani ya giaboksi, inayopitisha nguvu kwenye gia nyingine), mvumo unapotea kabisa. Hiyo inaniambia kama kuna beringi inayochoka ni za shafti ya chini, siyo ile aliyoitaja. Na kwa umri wake mvumo wenyewe ni mdogo.

Tumekubaliana hivi: nimwage oili mapema kuliko kitabu kinavyosema, tuangalie sumaku pamoja. Ikiwa na uji, inaendelea kutembea. Ikiwa na vipande, ataipata giaboksi yake.